Kivuli cha Saa Kumi

Miaka sita Zdzisława aliiandikia kamati ya bustani:
nyanya zangu haziivi, ule mjozi unanila jua.
Safari ya saba nami nilitia sahihi,
kwa kuwa alikuja na mtungi wa kabichi chachu,
na mkono mtupu haulambwi, hata hapa Poznań.

Wakaja vijana wawili, Jumanne, na kamba na misumeno.
Walianza juu, wakashuka tawi kwa tawi,
taratibu, kama wamvuao mgonjwa koti.
Kunguru wakahamia paa la kibanda changu
wakatutukana mchana kutwa.

Shina lilipolala
Zdzisława alihesabu miduara kwa kisu cha viazi:
hamsini na tatu, hamsini na nne.
Hapa, akasema, ndipo Kazik wangu alipozaliwa.
Hakuendelea.

Tukakalia ndoo, tukalingoja jua.
Likaja lote, bila hodi,
likamwagikia fito za maharage, pipa la mvua,
goti langu lililovimba.
Akafumba macho. Nikaona haya kumtazama.

Saa kumi kivuli kikarudi,
kikatambaa palepale, mche kwa mche.
Tukageuka.
Jengo la ghorofa kumi na moja,
mashuka yameanikwa roshani,
siku zote lilikuwa pale, nyuma ya majani.

Zdzisława akapangusa kisu kwa aproni.
"Nitaiandikia manispaa."

Vidole vyangu vingali vyeusi kwa maganda ya jozi.
Nimevisugua kwa limau, kwa chumvi.
Havitakati.