Sabuni

Baba huchonga funguo Mwanjelwa:
meza ya mbao, jiliwa, tupa tatu,
redio isiyozimwa.
Juni moja, baridi imeshuka kutoka Loleza
hadi vidole vikawa kama vya mtu mwingine,
akaja kijana na kipande cha sabuni ya mche,
ndani yake alama ya ufunguo, meno yote.
"Nitolee kama huu, mzee. Wa nyumbani."
Baba hakuuliza nyumbani kwa nani.
Akachota maji, akanawa kwa sabuni ile ile,
akanawa, povu hadi viwikoni,
meno yakaisha.
"Lete kitasa chenyewe," akasema.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilicheka.

Nilipofika ishirini na sita nikaandika programu.
Niseme kweli: ilikuwa nzuri.
Ilibisha hodi kwenye mifumo ya vyama vya akiba,
ikahesabu madirisha yaliyoegeshwa tu,
ikaingia bila kuvunja.
Chama cha wachuma chai wa Katumba niliwaandikia mara tatu.
Mara ya tatu katibu Mwaisumo akajibu:
"Barua yako imepokelewa."
Hasira ikanipanda. Nikasema
tundu nisilolitaja mimi, mwizi atalitaja.
Nikaiachia hadharani, bure, pamoja na maelezo,
hatua kwa hatua, kwa Kiswahili chepesi,
ili mtu yeyote ajifunze.

Mtu yeyote akajifunza.

Alikuwa wa kidato cha tatu, Makambako,
hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu.
Alifuata maelezo kama anayesonga ugali mara ya kwanza.
Tena aliniomba msaada:
"Kaka, hatua ya nne inagoma."
Nami, kwa moyo mweupe, nikamsahihishia.

Usiku mmoja. Akaunti mia mbili na kumi na moja.
Mabati ya Tusekile.
Karo ya wajukuu wa Anyambilile.
Fedha za saruji ya kaburi, za mtu
ambaye hakutaka jina lake lisomwe.

Ndiyo, tundu lilizibwa wiki ile ile.
Wapo wanaonipongeza kwa hilo.
Sijapata la kuwajibu.

Nilifuta. Nimefuta asubuhi,
jioni imerudi kwa jina jingine, imenolewa,
na mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua,
amenishukuru mwishoni.

Nilikwenda Katumba. Ukungu, matope,
nyumba ya Tusekile nusu nyasi, nusu anga.
Vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa chai.
Hakunitukana, nami nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.
"Huo ufunguo wako," akauliza, "sasa wanao wangapi?"
"Sijui, mama."
Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

Kisha, kwa kuwa mgeni ni mgeni,
akaleta beseni, birika,
na sabuni mpya, laini, isiyo na alama.
Nikanawa.
Nikanawa hadi akasema,
"Baba, ndizi zinapoa."