Nafasi ya Tatu

Maneti haijui Goma.
Kabla ya mchezo inaomba jambo moja:
niweke mahali palipo sawa, nitulie.
Palipo sawa! Hapa Majengo,
ambapo sakafu ni moto wa zamani uliochoka kutembea
na kikombe cha chai huinama bila kuguswa.
Naweka kreti ya bia, juu yake kipande cha mbao,
juu ya mbao Biblia ya mama, juu ya Biblia maneti.
Nangoja kitaa chake cha buluu kiache kutetemeka.
Kinatulia. Kinatuamini.

Franka mia mbili, dakika kumi.
Mwenye saa ni mimi: saa ya jikoni, umbo la nyanya.
Ikilia, hata joka likibakiza pumzi moja,
unatoa mkono kwenye kamba.
Wanaingia na vumbi jeusi miguuni.
Vijana wa chukudu, mabega kama milango,
ndio wanaokufa mapema:
wanashika upanga kama wanapasua kuni,
na mchezo hautaki nguvu, unataka kifundo cha mkono.
Kasereka alivunja balbu.
Akalipa balbu, akavunja ile mpya.

Nafasi za kuhifadhi safari ni tatu tu.
Ya kwanza ya Kasereka, kwa heshima ya balbu.
Ya pili ya mtaa mzima: shujaa mmoja
anayeamshwa na mikono arobaini,
asubuhi mwoga, jioni kichaa,
hajui kesho atakuwa nani.
Ya tatu imeandikwa BYAMU.

Byamungu. Mchezo ulikubali herufi tano,
Mungu akabaki nusu mlangoni.
Miaka kumi na mmoja, mkono wa kushoto,
na shujaa wa kwenye kioo ni wa kulia,
basi alicheza amesimama kombo
kama mtu anayepita uchochoro na beseni.
Akivuta upinde alibana pumzi,
na chumba kizima kikabana naye,
hata jenereta, nilisikia mimi.

Kisha ule mwezi wa mafurushi.
Mama yake alipita kuuliza kama mtoto anadaiwa.
Nikasema hapana.
Alidaiwa mia sita.
Boti ya Bukavu haikuwa na nafasi ya kusimama.

Tangu hapo, kila Jumamosi: Da Kavira, futa!
Nafasi inalala bure,
kuna mtoto wa Ndosho analipa mwezi mzima mbele.
Kufuta si kazi. Unaelekeza maneti kwenye jina,
unabonyeza, mchezo unauliza una hakika,
unatikisa mkono kama unafukuza nzi.
Mara mbili mkono wangu ulifika pale.
Mara ya tatu nilisema umeme umekatika,
na taa ikiwaka juu ya kichwa changu.

Jana usiku nilishusha komeo, nikafungua safari yake.
Si kucheza. Kuona alikomea wapi.

Daraja la kamba. Chini ukungu.
Ng'ambo, mnara wenye dirisha moja la njano.
Mioyo minne, mmoja umeliwa nusu.
Nikafungua mfuko wake:
mishale saba, chupa tupu,
na samaki kumi na wanane.
Samaki! Mchezo hauna hata pa kuwauza.
Ufalme mzima unangoja kuokolewa
na yeye, kwa dakika za kununua,
alikuwa mtoni anavua.

Niliinua mkono. Akainua wake.
Nikashusha. Akashusha.
Nikahamisha maneti mkono wa kushoto,
nikasimama kombo,
nikaona daraja kama alivyoliona.
Refu.

Sikumvusha.
Niliilaza maneti juu ya Biblia,
na yeye, alipoona haitwi,
akajinyoosha, akapiga mwayo,
akaketi ukingoni, miguu ikining'inia hewani.
Tukakaa hivyo.

Saa ya nyanya ikalia. Nilisahau kwamba niliifunga.
Nikafungua daftari, nikatafuta mstari wake,
nikafuta mia sita.
Nikaandika mia nane.