Alama za Maji, Hanlode

Ukutani pa baa ya zamani, upande unaotazama mto,
kuna mistari iliyochongwa kwa patasi, kila mstari na mwaka wake.
1852 uko juu ya kichwa changu.
1886, begani.
1947 ndio wa mwanangu Komora:
aliufikia Ijumaa iliyopita, amesimama kwa vidole,
akashangilia kana kwamba ameushinda mto.

Mji wenyewe ni barabara moja na kona yake.
Mto wa Severn umeuzunguka pande tatu, kama mkono uliokunjwa;
upande wa nne kuna kilima, kanisa, makaburi.
Wafu wamepewa pakavu.
Sisi wengine tuna duka la mikate,
kinyozi wa Jumanne na Alhamisi,
posta iliyogeuzwa nyumba ya mtu,
na daraja la matofali ambapo malori mawili hayapishani:
moja hungoja, na dereva wa jingine
hunyanyua kidole kimoja, kimoja tu, kusema asante.
Ilinichukua mwaka mzima kukisoma kile kidole.

Kwetu Ngao, ukingoni mwa Tana, tuliambiwa
maji hufuata mkondo.
Huu hurudi.
Machi, mwezi ukiwa mpevu, bahari huvimba huko chini
na wimbi moja, rangi ya chai ya maziwa,
huupanda mto kinyumenyume, limebeba magogo,
likinguruma kama treni.
Mara ya kwanza niliangusha mfuko wa viazi.
Methali yangu nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Mengine nilielezwa na Bi Thirza Clutterbuck,
miaka tisini na mmoja, ninayemwosha miguu kila asubuhi.
Kwamba babu wa babu yake alivuta mashua kwa kamba kifuani,
wanaume sita kwa mashua moja, kama maksai.
Kwamba reli ilikuja ikaziua mashua,
kisha reli nayo ikang'olewa,
na pale stesheni sasa watu wamepanda vitunguu.
Kwamba mama yake ndiye aliyezalisha nusu ya mji huu,
na usiku wa Aprili, kwa taa na wavu,
alivua wana wa mkunga, wembamba kama uzi, weupe kama kioo.
Nikamwambia: kwa lugha yangu
samaki huyo na mama yako wana jina moja.
Alicheka mpaka beseni likamwagika.

Februari, maji hayakubisha hodi.
Aliyebisha ni Garnet Pockett wa mlango wa pili,
ambaye kwa miaka mitatu hajanisemesha ila habari za mvua.
Saa nane usiku, viatu vya mpira hadi mapajani:
"Una nini sakafuni?"
Cherehani. Gunia la mchele. Picha za mama.
Alipandisha vyote ghorofani, kisha akamtwaa Komora mabegani
bila kuuliza, akaenda naye kilimani.
Mimi nilikwenda kwa Bi Thirza.
Kilo arobaini na mbili; nilimfunga mgongoni kwa leso
kama mtoto, naye akaniimbia sikioni nyimbo za kanisani,
vibaya, njia nzima.
Tuliungoja mtumbwi wa zimamoto hapo penye kona ya baa,
mkono wangu mmoja ukutani.

Ukumbini walitupa supu ya njegere.
Jina langu waliliandika vibaya kwenye orodha,
lakini waliliandika.

Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema.
Tuliyazoa siku nne, kwa ndoo, kwa fagio, kwa sahani za harusi
za mwenye duka la mikate, aliyesema
zisipotumika leo zitatumika lini.

Mei akaja fundi wa mawe, na patasi.
Watu walibishana: hapa, hapana, pale.
Garnet akaninyooshea kile kidole kimoja.
"Muulize yeye. Alikuwa amesimama ndani yake."
Fundi akanitazama.
Nikasogea ukutani, pale pale,
nikaweka kiganja kiunoni,
na akachonga.