Roho Tisini na Tisa

Walukuba, kwenye nyumba za mistari,
nyuma ya genge la mkaa la Mama Nabirye,
palikuwa na chumba chenye pazia badala ya mlango,
televisheni mbili, na Owor aliyepokea mia mbili
huku jicho lake likiwa kwenye saa iliyofungwa kwa uzi.

Mimi na Mwondha tulikwama ngazi ya saba.
Miezi miwili. Mto, ukuta, halafu lile jitu.
Tulirudi nyumbani vidole gumba vimechubuka,
tukachora ramani kwa mkaa nyuma ya choo:
hapa ruka, hapa chutama,
hapa usihesabu hata mbili.

Kisha binamu Kirunda akaja likizo kutoka Tororo
na karatasi ya sigara, namba zimeandikwa ndani yake.
"Bonyeza hivi," akasema, "na kifo hakikupati."

Kweli hakikunipata.
Roho tisini na tisa ziliwaka pembeni mwa kioo.
Jitu lilinishushia rungu, nikacheka.
Mto ulinimeza, nikatembea chini yake
kama kambale aliyevaa viatu.
Alasiri moja tu, ngazi zote kumi na mbili.
Muziki wa ushindi ukalia. Nikageuka:
Owor alikuwa anatafuna mahindi.

Juma lililofuata nililipa, nikashika pedi,
nikaiweka chini kabla dakika zangu hazijaisha.
Nchi ile yote nilikuwa nimeipita
kama mkubwa wa wilaya ndani ya gari la vioo vyeusi.
Nilijaribu kucheza bila namba,
lakini kidole kilishaujua mlango wa uani,
kikawa kinakwenda chenyewe.

Mwondha aliikataa karatasi.
"Niachie jitu langu."
Alilipiga mwezi wa nane, jioni, umeme ukisitasita
ingawa bwawa liko hapo hapo Jinja,
roho moja imebaki, nayo inapepesa.
Ukelele wake ulimtoa Mama Nabirye mbio,
kopo la kupimia mkaa mkononi,
akidhani tunaungua.

Leo Mwondha ni fundi wa pampu, ana mvi mbili.
Bado atakuonyesha kwa kijiko, juu ya meza,
pale alipoinama, pale alipothubutu kupumua.
Watoto wake hunigeukia: "Na wewe, baba mdogo,
ulilipigaje?"

Natafuta.
Nazikumbuka namba tu,
zote kumi, kwa mpangilio.