Chumba cha Nne

Saa nane usiku goti la kushoto limeamka kabla yangu.
Linabisha hodi. Silifungulii.
Nahesabu mpaka ishirini,
linaingia hivyo hivyo, na viatu vyake.

Mama yuko uani, hapa Mtoni Kijichi,
anapuliza mkaa wa pasi.
Kanga iliyopauka, jina lake limebaki herufi tano,
anaipiga pasi, ananifunga gotini ingali inafuka.
Hasemi pole. Pole zilikwisha nikiwa darasa la tatu.
Anasema, "Kunywa maji."

Maji, maji. Lita tatu kwa siku, alisema nesi Kokusima.
Chembe za wenzangu ni duara kama vitumbua,
zangu zimejikunja mundu,
zinakwama njia panda, zinasukumana mabega,
na faini nalipa mimi.

Zimebaki siku kumi na tisa.
Hashili anaandika kwa chaki mlangoni,
kila asubuhi anafuta, anapunguza moja.
Ana miaka saba. Anadhani tukifika sifuri
nitapona.

Zilipobaki kumi na tatu nilikuwa hospitali ya Temeke,
dripu mkono wa kulia, mkono wa kuandikia.
Nikajifunza kufunua kurasa kwa kidevu.
Sikudhani alikuja na daftari la Kemia,
akasoma kwa sauti, akauliza,
na mama wa kitanda cha pili, wa Yombo, aliyevunjika nyonga,
akajibu kabla yangu:
"Klorini! We mtoto, si alikwambia jana?"
Nikacheka. Mbavu zikaniadhibu.

Wageni wanasema: jikaze.
Hawajui. Nikijikaza, damu inasimama.
Mimi nimejifunza kujilegeza:
ukurasa mmoja, usingizi, nusu ukurasa,
kutapika, kichwa cha habari.
Haba na haba hujaza kibaba.
Changu kina tundu,
nami najaza.

Mwalimu Ngonyani alichora ubaoni vyumba vinne.
Baba ana nusu, mama ana nusu,
mmoja kati ya wanne atazipata zote mbili.
Nyumbani tuko wanne.
Nilipomweleza mama alituhesabu vichwa,
akasema, "Basi wewe umewabebea wenzio."
Hapana, mama, hakuna foleni.
Kila mimba hurusha sarafu yake upya.
Akanyamaza. Akausonga ugali
muda mrefu kuliko unga ulivyotaka.

Siku ya Bayolojia vuli ilishuka tangu alfajiri.
Nilivaa sweta mbili na soksi za Hashili mikononi.
Chupa yangu ya maji imebanduliwa karatasi
isije ikawa nimeficha jibu humo.
Msimamizi akainama: "Binti, una homa?"
"Nina Bayolojia," nikasema.
Akaniacha nipite.

Swali la tisa, kwa Kiingereza.
Maumivu yangu hayajawahi kusoma Kiingereza,
yananiita kwa Kiswahili, usiku, kwa jina la utotoni.
Lakini nililitambua swali hata kabla ya nukta:
baba fulani, mama fulani, wote wazima wa sura,
tafuta uwezekano.

Nikachora vyumba vinne, rula ikitetemeka.
Cha kwanza: mzima.
Cha pili na cha tatu: wabebaji,
wataishi bila kujua.
Cha nne nikasimamisha kalamu.
Goti likabisha hodi.
Subiri, nikaliambia, ndiyo kwanza nakuandika.

Nilirudi nimelowa hadi magotini.
Mlangoni chaki imeandika sifuri kubwa, ya mviringo,
na Hashili amesimama kando yake ananichungulia miguu.
Mama alikuwa ameshaweka pasi mkaani.
"Wameuliza nini?"
"Wametuuliza sisi, mama. Wewe na baba na mimi."
Akashika kanga, hakuikunja.
"Ukawajibu?"
"Nimewajibu."
"Na wanatoa nini?"
"Alama mbili."