Nakala ya Kumi na Saba

Walichapa nakala arobaini tu.
Majalada yalitolewa fotokopi pale Nyawera
kwa mashine iliyokuwa ikiishiwa wino,
ndiyo maana jina la Mugaruka, aliyeitunga,
linasomeka vizuri kwenye kumi za kwanza,
kisha linafifia kama mtu anayeteremka Kadutu
huku ukungu ukipanda kutoka ziwani.

Yangu ni ya kumi na saba. Imebaki "Muga".

Filamu inaitwa Kola. Haina risasi, haina yowe.
Fundi cherehani amefiwa na mwanawe,
anapiga pasi shati ambalo halitavaliwa,
dakika kumi na moja, pasi ya makaa.
Kamera haisogei. Kuku anapita.
Ukumbini mwa parokia tulikuwa watu ishirini na sita;
nusu walitoka kabla hajafika kwenye mikono.

Fundi yule ni baba yangu. Hakuwa mwigizaji.
Mugaruka alimwambia: piga pasi tu, Baba Nsimire,
usilie, na ukishindwa si neno.
Hakushindwa. Alirusha maji kwa vidole
vile vile alivyorusha mwaka ule wa Cishugi,
kaka yangu, ambaye filamu haimtaji.

Sasa bwana mmoja wa Liège ananipigia simu.
Anazo tatu. Anatafuta zilizofifia,
ati zina thamani kuliko zenye jina kamili.
Uhaba, anasema,
kama anayetaja jina la mpenzi.
Dola mia nne. Je, ina mkwaruzo?

Unao. Dakika ya tisa, penye kola,
picha inaganda, mkono wa baba unasimama
juu ya kitambaa,
halafu ghafla shati limekwisha kunjwa.
Mama alikuwa akiacha sufuria motoni
aje kungoja hapo hapo.
Msiguse mashine, alisema. Apumzike kidogo.

Nikamuuliza bwana: hizo tatu, umezitazama?
Akacheka kwa adabu.
Hapana, mama. Zikifunguliwa zinakufa.

Nilimuuzia jalada peke yake,
dola mia na hamsini, karo ya muhula.
Alifurahi kuliko nilivyotegemea.
Diski nimeifunga kwa kipande cha popelini
kilichobaki kwenye droo ya cherehani.

Leo umeme umerudi saa nane usiku.
Nimeamka.
Kuku anapita.