Mpogoaji wa Bonde la Ela

Nabii, ulipita jana kwenye tuta langu la tatu,
viatu mkononi, vumbi hadi magotini.
Miti yote ilikuwa uchi bado, baridi haijang'oka,
mlozi peke yake umejitia weupe.
Ukasimama chini yake, hukuomba hata maji.
Ukasema, "Anakesha."
Nikadhani unamsema mbwa.

Nimeelewa baadaye, mikono imo kwenye unga.
Kwa lugha yetu mlozi na mkeshaji
wamenyonya ziwa moja,
pumzi tu ndiyo inayopinda kidogo.
Ndivyo mlivyo, ninyi wenye maono:
mnaokota neno njiani, mnalipasua kama kokwa,
na ndani mnamkuta Mungu, macho wazi.
Mimi ndani ya kokwa hukuta lozi.
Mwaka mwingine, funza.

Sikubishii. Nauliza tu, maana kisu ni changu.
Ile mizabibu uliyoishitaki langoni siku ya soko
kama wezi wa kondoo, kwa kuzaa uchungu,
ulimwita mpogoaji akatoa ushahidi?
Kuna mwaka baridi hushuka usiku wa kuchanua
na asubuhi shamba zima limesinyaa
kama uso wa mtoto aliyepigwa bila kosa.
Ulimwengu wako una shamba na mwenye shamba.
Sisi vibarua tunakaa wapi?

Na kapu la matunda ya kiangazi, ukasema ni mwisho,
kwa kuwa maneno hayo mawili hufanana kinywani.
Watu walilia. Mimi pia.
Kisha nikaenda kuyala, yalikuwa yameiva.

Waashuri walipopanda kutoka Lakishi
walikata mizeituni yetu kumi na saba.
Walihesabu kwa sauti, wakicheka kwenye namba.
Uriyahu, mume wangu, alikaa juu ya kisiki cha mwisho
tangu alfajiri mpaka kondoo wakarudi,
akasimama, akaingia ndani, na hakupona.
Asaya wetu walishamchukua, mikono imefungwa
kwa kamba niliyoisuka mimi ya kufungia miganda.
Niliitambua kwa fundo.

Mvua ya kwanza ilipokata kiu ya udongo
ni mimi niliyekushika mkono, unakumbuka?
Nikakwambia, weka kidole hapa, ubavuni mwa kisiki.
Ukagusa kitu chororo kama sikio la mwana-mbuzi.
Hukusema neno. Ukaondoka mbio.
Sabato mbili hazikupita,
chipukizi langu likawa mfalme
atakayehukumu bila kupokea bahasha ya fedha,
na chui kando yake amelala na mbuzi.

Mimi nilipoligusa sikuwaza mfalme.
Niliwaza shingo ya Asaya,
pale nywele zinapoanzia.

Lakini kuna jambo hukulingoja, ulikuwa na haraka.
Chipukizi linalotoka chini ya kiungo, nabii,
ni la mwitu.
Shina la juu ndilo lililokuwa tamu, nalo limekwenda kuni.
Ukiliacha hili likue kwa furaha yake
litakupa miiba na punje kavu kama mavi ya mbuzi,
na wajukuu watasema tumaini la bibi lilikuwa chungu.
Sharti lipasuliwe. Sharti tawi jema liletwe,
la jirani, la adui, popote lilikosalia,
lichongwe kama kalamu, liingizwe jerahani,
lifungwe, lipakwe tope.
Kisha mtu akae miaka sita bila kuona kitu.

Nimepata tawi moja, kwa mjane wa Azeka,
nimelifunga kwa kitambaa kibichi.
Kesho ukipita, usiitazame sana milozi.
Njoo hapa, piga magoti.
Mikono yangu miwili haitoshi kwa kazi hii.
Nishikie huu mpasuko usijifunge,
na kwa muda wa kufunga uzi mmoja
usiseme unafanana na nini.